Kipimo gani kinathibitisha kuwa mtoto ana ADHD?

Mama mmoja wa Tabata ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume atatimiza miaka 8 mwezi wa Novemba. Yuko darasa la tatu, shule ya mchepuo wa Kiingereza, iko mbali kidogo na kwetu, basi linampitia saa kumi na moja na robo alfajiri. Mwalimu wake ameniita mara mbili. Anasema hatulii, hamalizi kazi, anasumbua wenzake, na mara ya mwisho ameniambia mtoto ana ADHD nimpeleke akapimwe ubongo. Kuna mahali nimeelekezwa wana kipimo cha kompyuta, dakika 20 unapewa majibu na cheti. Bei ni kubwa lakini nitajinyima. Nyumbani nako hatulii, ila kwenye katuni anakaa hata saa mbili bila kuinuka. Baba yake anasema na yeye alikuwa hivyo hivyo, fimbo zikamnyoosha. Naomba unisaidie, kipimo cha uhakika ni kipi? Na je, nimhamishe shule?"

Marahaba, mama. Nianze na hela yako, maana ndiyo inayotaka kuondoka wiki hii. Usilipie hicho kipimo. ADHD ni hali ya mtoto kushindwa kudumisha umakini, kutulia na kujizuia kwa kiwango kisicholingana na umri wake, na hakuna mashine popote duniani inayompima mtoto na kutoa jibu kwamba anayo au hana. Damu haioneshi. Picha ya ubongo haioneshi, na ikiwa ni ya CT mtoto anapigwa mionzi bure. Kipimo cha umeme wa ubongo kina kazi yake, nitaieleza mbele, lakini kazi hiyo si kuthibitisha ADHD. Hicho cha kompyuta nacho nakijua: mtoto anakaa mbele ya skrini, herufi au maumbo yanapita, anatakiwa abonyeze kitufe akiona herufi fulani na ajizuie akiona nyingine, halafu kompyuta inahesabu alipokosea na alipochelewa. Wapo watoto wenye ADHD kabisa wanaofaulu vizuri, kwa sababu kitu ni kipya na kinafanana na gemu. Wapo wasio na tatizo lolote wanaofeli kwa kuwa hawakulala, au hawakuelewa maelekezo. Mtaalamu anaweza kukitumia kuongezea anachokijua tayari. Kikisimama peke yake, hata kikitoa cheti chenye muhuri, hakithibitishi kitu. Inaniuma kuona mzazi anaacha kulipa kodi ya nyumba ili anunue karatasi hiyo.

Uchunguzi wa ADHD ni maelezo. Ni maelezo ya watu wanaomwona mtoto kila siku, yaliyokusanywa kwa utaratibu, yakapimwa kwa vigezo vinavyojulikana, huku mchunguzi akitafuta kwa bidii sababu nyingine inayoweza kueleza kila kitu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kipimo unayo wewe, anayo mwalimu, na iko ndani ya begi la mtoto.

Vigezo tunavyovitumia zaidi ni vya Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, toleo la tano la mwongozo wao, la mwaka 2013. Vinaorodhesha dalili 18. Tisa ni za umakini: kukosea kwa kutoangalia, kushindwa kudumu kwenye kazi au mchezo, kuonekana hasikilizi unaposema naye ana kwa ana, kuanza kitu asimalize, kushindwa kupanga mambo, kukwepa kazi ya kufikiri kwa muda mrefu, kupoteza vitu, kuchukuliwa na kila kinachopita, kusahau shughuli za kila siku. Tisa nyingine ni za kutotulia na kutojizuia: kuchezesha mikono na miguu, kuinuka pasipo ruhusa, kukimbia na kupanda pasipofaa, kushindwa kucheza kwa utulivu, kuwa mbioni muda wote, kuongea mno, kujibu swali kabla halijaisha, kushindwa kusubiri zamu, kuingilia maongezi ya wengine.

Ukisoma orodha hiyo utasema "ni yeye kabisa". Kila mzazi husema hivyo, maana hakuna mtoto asiyekuwa na tatu nne kati ya hizo. Ndiyo maana kuhesabu dalili hakutoshi. Mtoto wa umri wake anatakiwa awe na angalau 6 kati ya 9 katika kundi mojawapo, kwa miezi 6 au zaidi, kwa kiwango kisicholingana na umri wake. Ziwe zilianza kabla hajafika miaka 12. Zionekane mahali pawili au zaidi. Ziwe zinamrudisha nyuma kweli kweli, katika masomo, katika urafiki au katika maisha ya nyumbani. Na pasiwe na jambo lingine linalozieleza vizuri zaidi.

Hilo la mahali pawili ndilo linalosahaulika. Mtoto anayesumbua darasani tu, nyumbani na madrasa au kanisani ametulia, huyo naanza kuuliza kuhusu darasa: anauona ubao? Anaielewa lugha? Anaonewa? Mtoto anayesumbua nyumbani tu, naanza kuuliza kuhusu nyumbani. Mwalimu wako amekosea kidogo kutamka jina la ugonjwa, maana hiyo si kazi yake, lakini macho yake nayathamini sana. Anamwona mwanao kwa saa nyingi akiwa katikati ya watoto wengi wa rika moja, kitu ambacho wewe na mimi hatukipati. Usigombane naye. Mwombe aeleze anachokiona badala ya anachokidhani: anainuka mara ngapi katika kipindi kimoja, kazi ipi anaimaliza, ipi anaiacha, asubuhi au mchana, somo gani.

Kuna fomu za kumsaidia. Inayotumika sana inaitwa Vanderbilt; ya mwalimu ina maswali 43 na ya mzazi 55, kila dalili inajibiwa kwa kiwango cha 0 mpaka 3, na inahesabika kuwa ipo ikifika 2 au 3. Kuna nyingine fupi, ya maswali 25, iliyotungwa na Robert Goodman wa London mwaka 1997, ambayo inapatikana kwa Kiswahili. Hiyo inachuja matatizo mengi ya tabia na hisia kwa pamoja, na maswali matano tu ndiyo yanahusu utulivu na umakini. Fomu hizi ziliwekewa viwango kwa watoto wa nchi nyingine. Mwalimu mwenye watoto wengi kwenye chumba kidogo anaweza kuandika "mara nyingi sana" kwa mtoto ambaye katika darasa la watoto 20 asingeonekana. Kwa hiyo alama kubwa inatuambia tuendelee kuchunguza, basi. Ukiona mtu anajumlisha alama za fomu moja na kuandika dawa hapo hapo, ondoka na mtoto wako.

Sasa madaftari. Njoo nayo yote, na ya darasa la pili kama hujayatupa. Mimi huanza na la hesabu. Daftari la mtoto mwenye shida ya umakini mara nyingi linaonesha kwamba njia anaijua: swali la kwanza, la pili, la tatu yako sawa, mwandiko umekaa kwenye mstari. Kuanzia la nne alama ya kutoa imefanywa ya kujumlisha. La saba limerukwa. La nane limeanzwa likaishia katikati, pembeni kuna gari limechorwa. Tarehe ipo ukurasa mmoja na haipo mwingine, na kesho yake maswali ya aina ile ile kayapata yote. Mtoto ambaye tatizo lake ni kusoma daftari lake liko tofauti: hesabu za tarakimu ziko safi, za maneno zimeachwa tupu, herufi zinazofanana zimebadilishana, na makosa yanaanza swali la kwanza kabisa. Yule ambaye somo limemzidi uwezo hukosea kwa namna ile ile jana, leo na wiki ijayo. Kisha nalinganisha daftari la Kiswahili na yale yanayofundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayeandika sentensi nane nzuri za Kiswahili, halafu kwenye sayansi hana hata moja, huenda hatulii kwa sababu haelewi kinachosemwa mbele yake tangu asubuhi. Hata mtu mzima akikalishwa saa sita kwenye lugha anayoibahatisha ataanza kuchungulia dirishani.

Kwa mwanao yako mambo mawili katika barua yako yaliyonishtua kabla sijafika hata kwenye dalili.

La kwanza ni lile basi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12 kwa usiku mmoja. Basi likipita saa kumi na moja na robo, huyu anaamshwa kabla ya saa kumi na moja. Alale saa ngapi ili apate hata hizo 9? Saa mbili usiku kamili. Nikifikiria foleni ya jioni, kuoga, kula na kazi za shule, sidhani kama analala muda huo. Akilala saa nne amepata saa 7 pungufu, na kwa siku tano za shule anadaiwa zaidi ya saa 10 za usingizi. Mtu mzima asiyelala anasinzia, lakini mtoto asiyelala mara nyingi anachangamka kupita kiasi, anakuwa mkorofi, anasahau, analia kwa jambo dogo. Kwa mwalimu hiyo ni picha ile ile ya ADHD. Watoto wengi wa Dar es Salaam wanaishi hivi, wanazungushwa na mabasi mji mzima kungali giza, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu hakuna dawa ya umakini inayoweza kulipa deni hilo. Mwangalie pia akiwa amelala. Kama anakoroma, analala mdomo wazi, anakatika pumzi kidogo kisha anashtuka, huenda ana nyama za puani, na hapo anayehitajika kwanza ni daktari wa pua, koo na masikio.

La pili ni Novemba. Yuko darasa la tatu na hajatimiza miaka 8, ina maana alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 5 na ushee. Wenzake wengi wamemzidi karibu mwaka mzima, na katika umri huo mwaka mmoja ni tofauti kubwa ya kukaa, kusubiri na kushika kalamu. Huko British Columbia, Kanada, ambako mtoto huingia shule kwa kuangalia mwaka wa kalenda aliozaliwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia watoto zaidi ya 900,000. Wavulana waliozaliwa Desemba walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 30, wa kuandikiwa kuwa na ADHD kuliko waliozaliwa Januari wa darasa lao. Kwa wasichana ilikuwa asilimia 70. Sidhani kwamba Desemba inaleta ugonjwa. Ni utoto wa kawaida uliolinganishwa na watoto wakubwa. Mwanao yuko katika kundi hilo hilo, kwa hiyo muulize mwalimu amlinganishe na watoto wa darasa la pili, uone kama bado atasema vile vile.

Sisemi kwamba hana ADHD. Inawezekana anayo. Ipo, ni ya kweli, na inakadiriwa kuwapata watoto kama 5 kati ya kila 100 duniani. Na si jambo lililoletwa na simu wala katuni: daktari wa watoto George Still aliwaeleza watoto wa namna hii mbele ya madaktari wenzake London mwaka 1902, televisheni haijazaliwa. Kuhusu hizo saa mbili za katuni, wazazi wengi huniambia "mbona pale anatulia?" wakidhani hiyo inafuta tatizo. Haifuti. Mtoto mwenye ADHD anao umakini. Kinachomshinda ni kuuelekeza pale panapotakiwa wakati kitu chenyewe hakivutii. Katuni inabadilika kila sekunde na haimdai chochote. Mpime kwa jambo la kuchosha: kukunja nguo, kuvaa sare asubuhi, kutumwa vitu vitatu dukani bila kuandikiwa. Vivyo hivyo akikaa kimya kwenye kiti changu nusu saa hainidanganyi, maana mahali ni pageni na ana woga kidogo.

Baba yake ametusaidia sana kwa ile sentensi moja. ADHD inarithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye asilimia 70 hadi 80. Mwombe aje naye kliniki. Nitamuuliza kwa heshima shule ilimwendeaje, leo hii anapoteza funguo mara ngapi, kazi anazianza na kuziacha vipi. Kuhusu fimbo, baba, kama unasoma hapa: anayechapwa kwa kusahau daftari hajifunzi kukumbuka daftari, anajifunza kuficha. Wewe ulikua, na kukua kwenyewe kunapunguza kukimbiakimbia. Sioni sababu ya kuipa fimbo sifa hiyo.

Mengine ambayo lazima yachunguzwe nitayapitia haraka, isipokuwa moja. Masikio: mtoto aliyewahi kutoka usaha au mwenye majimaji nyuma ya kiwambo husikia nusu nusu na kuitwa mbishi. Macho. Upungufu wa damu. Selimundu, ambayo nchini kwetu ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya dunia, na ambayo inaweza kuziba mishipa midogo ya ubongo bila mtoto kupooza wala mtu kugundua. Historia ya uzazi: alizaliwa kabla ya wakati? Alichelewa kulia? Aliwahi kupata malaria kali akapoteza fahamu? Degedege la homa la dakika chache kwa kawaida haliachi alama, lakini malaria iliyompeleka mtoto kwenye koma inaweza kuacha shida ya umakini na tabia kwa miaka. Kisha msiba, ugomvi wa nyumbani, kuonewa, kuguswa vibaya na mtu. Haya huulizwa mtoto akiwa peke yake na mtaalamu, taratibu, na ni kosa kuyaruka kwa kuona aibu.

Lile moja ninalotaka ulitazame mwenyewe ni kuzubaa. Kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtoto. Anaongea, ghafla anakatika, macho yanaganda au kope zinachezacheza, sekunde 10 au 15 hivi, halafu anaendelea kama hakuna kilichotokea na hajui kwamba kuna kitu amekosa. Inaweza kumpata mara nyingi sana kwa siku. Mwalimu anaandika "hasikilizi". Tofauti ni hii: aliyezama kwenye mawazo ukimgusa bega anarudi, mwenye kifafa hiki hasikii mguso mpaka kipite chenyewe. Ukikiona, mrekodi kwa simu. Hapo ndipo kipimo cha umeme wa ubongo kinapofanya kazi yake, na matibabu yake ni tofauti kabisa na ya ADHD. (Kwa wanaosoma wenye mabinti: msichana asiyesumbua mtu, anayekaa nyuma akiota ndoto mchana na kufeli kimya kimya, naye achunguzwe. Wavulana huletwa kwangu kwa sababu wanapiga kelele. Wasichana wanachelewa sana.)

Fanya hivi. Kwa wiki tatu zijazo mtoto alale mapema kadiri mnavyoweza, televisheni izimwe saa moja kabla ya kulala, na uone kama mnaweza kumwomba dereva awapitie mwishoni mwa mzunguko wake. Andika kila siku mistari miwili: alilala saa ngapi, siku ilikwendaje. Kisha mpeleke hospitali ya serikali, huna haja ya kuanza na mahali pa gharama. Wewe wa Tabata uko Ilala, hospitali yako ya rufaa ya mkoa ni Amana. Anza kliniki ya watoto, apimwe masikio, macho na damu, na uombe rufaa ya kwenda kwa wataalamu wa afya ya akili ya watoto, Muhimbili ikibidi. Beba kadi ya kliniki, ripoti za shule, madaftari, karatasi ya mwalimu na hiyo mistari yako. Usitegemee jibu siku ya kwanza. Kazi ikifanywa vizuri huchukua zaidi ya mkutano mmoja.

Ikithibitika, yapo ya kufanya. Wazazi hufundishwa namna ya kutoa agizo moja kwa wakati, kusifu papo hapo, kuweka ratiba isiyoyumba. Shule nayo hupunguza ukubwa wa kazi bila kupunguza kiwango. Dawa inayotumika zaidi, methilifenidati, inasaidia kweli kwa watoto waliochunguzwa sawasawa. Ni dawa inayodhibitiwa, inaandikwa na daktari, na anayeitumia hufuatiliwa uzito, urefu, mapigo ya moyo na usingizi, maana inapunguza hamu ya kula. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 1999, wa watoto 579 wa umri kama wa mwanao, ulionesha dawa inayofuatiliwa kwa karibu inashusha dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, na vyote viwili pamoja vilisaidia zaidi kwenye mambo kama uhusiano na wazazi. Lakini huko hatujafika, na usikubali mtu akufikishe kabla ya wakati.

Shule usimhamishe sasa. Ukimhamisha katikati ya uchunguzi unampoteza mwalimu anayemjua, na mpya atahitaji miezi kabla hajaweza kujaza fomu kwa haki. Mwombe huyu huyu amkalishe mbele, mbali na mlango, ampe maswali matano matano badala ya ishirini kwa mpigo, na amtume kufuta ubao anapomwona ameanza kuchemka. Ila kama baada ya zile wiki tatu mtoto amebadilika kwa kulala tu, basi shule ya karibu na nyumbani, hata isiyo na jina, ambayo anaweza kwenda kwa miguu kukiwa kumekucha, naomba wewe na baba yake muifikirie kwa uzito.